Maji Kwenye Figo za Benedikto

Imakulata alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti. Pale kwenye mashine za kukoboa mpunga, Kawajense, mjini Mpanda, wanawake hukaa chini kwenye maturubai wakipepeta mchele na kutoa mawe, na injini zinanguruma kiasi kwamba mtu akitaka kusema na jirani yake lazima apaze sauti. Cheko la Imakulata lilizipita injini. Madereva wa malori waliokuja kupakia walikuwa wakimchokoza makusudi ili wamsikie, naye hakuwaangusha.

Alizaliwa Mwamkulu, pembeni mwa mji, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga. Baba yake alifariki mapema, na mama yake, Pelagia, akamlea kwa jembe mpaka akamaliza darasa la saba. Alipokuwa mtu mzima akaja kuolewa na Fabiani, fundi ujenzi, Mpimbwe wa kule Usevya, mwanamume mrefu mwenye maneno machache. Kila Jumamosi Fabiani alikuwa anapita mashineni kununua chenga za kulishia kuku. Siku moja Imakulata akamwambia, "Kaka, kuku wako wanakula kuliko watu." Fabiani akajibu, "Sina kuku." Mambo yao yalianzia hapo.

Wakapata mtoto wa kike, Happiness. Mimba iliyofuata ikaharibika ikiwa changa, halafu ukapita muda mrefu mpaka watu wakachoka kuuliza. Happiness alikuwa ameshaanza shule Imakulata alipojikuta mjamzito tena. Fabiani alipoambiwa alitoka nje, akachukua chepe, akaanza kuchimba msingi wa chumba cha pili.

Mimba ilikwenda vizuri. Hakutapika sana, miguu haikuvimba, na mashineni aliendelea kwenda, ila wenzake walimkatalia kunyanyua magunia. Ilipofika Juni, mpunga ukiwa umemiminika mjini, muuguzi wa kliniki akamwandikia akapige utrasaundi hospitali, kama wanavyoandikiwa wajawazito wengi siku hizi. Imakulata alivaa kitenge kipya, akasuka nywele, akaenda peke yake kama mtu anayekwenda kupigwa picha studio.

Daktari aliyempokea aliitwa Malale, Msukuma wa makamo, mpole wa sauti. Alimpaka tumboni ule ute wa baridi, akapitisha kifaa, na Imakulata hakunyamaza hata kidogo.

"Daktari, niambie, wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume, mama."

Imakulata akacheka mpaka tumbo likatikisika. Daktari hakucheka. Kifaa kilirudi mahali pale pale, kikasimama. Akapima kitu kwenye kioo, akafuta, akapima tena.

"Mama," alisema, "mtoto yupo hai na moyo wake unapiga vizuri. Ila figo zake zimevimba. Zimejaa maji."

"Maji ya nini?"

"Mkojo wake mwenyewe. Mtoto wa tumboni anakojoa kama wewe na mimi. Figo zinatengeneza mkojo, unashuka kwenye kibofu, unatoka nje. Hata hayo maji yanayomzunguka humo ndani, sehemu kubwa ni mkojo wake. Sasa ukikwama njiani unarudi nyuma, ndipo figo zinapovimba."

"Atakufa?"

"Sijasema hivyo. Wengi tunaowaona na hali hii, uvimbe hupungua wenyewe, wengine hata kabla hawajazaliwa. Hatukupi dawa wala hatukufanyii upasuaji. Tunaangalia. Rudi mwezi ujao nipime tena. Na kwa kuwa wako ni figo zote mbili, usikose."

Imakulata alijifuta tumbo taratibu. "Ni nini nilichokula, daktari? Au ni vumbi la pale mashineni?"

"Hakuna ulichokula na hakuna ulichobeba. Njia yake tu ndivyo ilivyojiumba."

Nje kwenye korido alimkuta mwanamke mmoja kijana amejifunika uso kwa kanga, analia kimyakimya. Tumbo lake lilikuwa kama la Imakulata. Imakulata hakuwa mtu wa kumpita anayelia, hata siku hiyo. Akaketi kando yake.

"Mwenzangu, wamekwambia nini?"

"Maji," yule mwanamke akasema. "Eti mtoto ana maji kwenye figo."

"Na wangu!"

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa hawajawahi kusikia ugonjwa wa namna hiyo tangu wazaliwe, na sasa walikuwa wawili asubuhi moja, korido moja. Mungu awasamehe, wakaanza kucheka, na machozi ya yule kijana yakaendelea kushuka huku anacheka.

Aliitwa Emelyne, akitokea Katumba. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, lakini yeye alizaliwa huku huku, na sasa alilima tumbaku na mahindi pamoja na mumewe. Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kirundi, maneno anayashusha polepole. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kwake ilikuwa figo moja tu, ya kushoto, naye aliambiwa vilevile, arudi baada ya mwezi. Wakapeana namba za simu.

Kuanzia hapo wakawa ndugu. Imakulata alikuwa anapiga simu jioni akitoka mashineni. "Wewe mwenye maji, umeshindaje?" Na Emelyne anajibu, "Nimeshinda salama, dada Ima. Wako anacheza?" "Anacheza kama ana deni na mimi." Waliongea kuhusu miguu na kiungulia, na namna wanaume wanavyolala usingizi kama magogo. Ile hofu walikuwa wanaigawana, na ikigawanywa hivyo ilibebeka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Imakulata hakumwambia daktari. Aliwaza kwamba kama mkojo wa mtoto umekwama, basi akinywa maji mengi yatausukuma, kama mtu anavyozibua mfereji. Akawa anakunywa asubuhi, anakunywa mashineni, anakunywa akienda kulala, mpaka tumbo linanguruma. Fabiani alimwona, hakumwuliza. Ila akaanza kuamka mapema, anachemsha maji, anayapoza, anamwachia madumu mawili yamejaa ndipo anakwenda kazini.

Mwezi ulipotimia yeye na Emelyne walikwenda hospitali pamoja. Emelyne akaingia kwanza. Alipotoka alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, lakini macho yalimsaliti.

"Yamepungua, dada! Maji yamepungua. Anasema nizae hospitali tu, na mtoto akishazaliwa nimlete wampige picha waone kama yameisha."

Imakulata akamkumbatia, matumbo yao yakagongana. Halafu akaingia yeye.

Mara hii hakuongea. Malale alitazama kioo kwa muda mrefu, akamgeuza ubavu, akatazama tena. Mwishowe akazungusha kiti wakaelekeana.

"Mama, sikufichi. Figo zimevimba zaidi. Kibofu nacho kimekuwa kikubwa, na kuta zake zimekuwa nene kwa kusukuma. Kwa watoto wa kiume huwa inatokea, kunakuwa na kijingozi chembamba pale mkojo unapotokea, kinafunga njia. Na maji yanayomzunguka yamepungua."

"Yamepungua?"

"Yamepungua sana. Hayo maji ndiyo yanayomsaidia kukuza mapafu."

"Lakini nakunywa maji, daktari!" Imakulata aliinuka na ute wake tumboni. "Nakunywa madumu! Mume wangu ananichemshia!"

Malale akampa kitambaa ajifute. "Mama, unayokunywa wewe hayawezi kumfungulia njia yeye. Usingeweza kufanya chochote. Nakuandikia rufaa ya Mbeya, kuna madaktari wa upasuaji wa watoto. Usichelewe."

Emelyne alikuwa bado amesimama mlangoni akimsubiri. "Enhe, dada? Wako?"

Imakulata alifungua mdomo. Alimtazama yule binti, uso wake bado unang'aa, na hakuwa na pa kuanzia.

"Yamepungua," akasema.

Emelyne akapiga kigelegele hapo hapo kwenye korido. Muuguzi mmoja akatoa kichwa dirishani kumkaripia, naye akapiga kingine. Imakulata alisimama akapokea vigelegele vile, akatabasamu, akaaga. Kuanzia siku hiyo hakupokea tena simu ya Emelyne.

Happiness akaachwa kwa bibi yake Mwamkulu, na Imakulata na Fabiani wakapanda basi la Mbeya. Ilikuwa Agosti, na baridi ya Mbeya haizoeleki kwa mtu wa Katavi. Walifikia kwa binamu wa Fabiani, chumba kimoja, na Imakulata akawa anakwenda hospitali amevaa koti la mumewe, mikono imening'inia kupita vidole.

Daktari wa watoto wa huko aliitwa Cecilia. Aliwaketisha wote wawili, akawachorea kwenye karatasi figo, kibofu na ile ngozi. Fabiani aliitazama ile michoro kama anavyotazama ramani ya nyumba. Kisha akauliza, na lilikuwa swali lake la kwanza tangu waondoke Mpanda:

"Hamuwezi kuzibua akiwa humo humo?"

"Zipo nchi wanajaribu kumwekea mtoto kamrija angali tumboni," Cecilia akasema. "Sisi hapa hatufanyi. Na hata huko, baba, figo ikishaharibika hairudi ilivyokuwa. Wapo wanaovuka na wapo wasiovuka. Sisi tutamwacha akae tumboni kadiri mapafu yanavyohitaji. Akizaliwa tunamwekea mpira wa mkojo pale pale. Akipata nguvu, tunaikata ile ngozi."

"Na akikosa nguvu?"

"Tutaongea tena."

Uchungu ulianza kabla ya wakati. Mtoto alitoka akalia kilio chembamba kama cha kifaranga, mara moja tu, wakampeleka mbio kwenye oksijeni. Imakulata alibaki kitandani ameinua shingo akifuata kwa macho mlango aliopitishwa. Mtoto alikuwa mdogo, kifua kimebonyea, tumbo limejaa. Wakamwekea ule mpira, na mkojo ukaanza kutiririka kwenye kimfuko.

Muuguzi alimwita Fabiani akamwonyesha. Yule mwanamume wa maneno machache alikitazama kimfuko kile, akatoka nje, akapiga simu kwa kila mtu aliyemjua. Alimpigia Pelagia. Alimpigia rafiki yake Heri, dereva wa lori la mchele. Aliwapigia mafundi wenzake Kawajense. "Anakojoa!" alikuwa anasema, sauti imepanda kama ya mtoto wa shule. "Mwanangu anakojoa!" Watu waliokuwa wanapita uani kwa hospitali walimgeukia, naye hakujali. Wakampa mtoto jina la babu yake, Benedikto, na padre akaja kumbatiza pale pale, kwa pamba yenye matone ya maji.

Kwa siku chache waliishi kwa ule mfuko. Ukijaa, Imakulata anashukuru. Alikamua maziwa yake kwenye kikombe, yakapitishwa kwa mrija kidogo kidogo. Alijifunza kumgusa mtoto kupitia kitundu cha kile kisanduku cha joto, na Fabiani, mkono wake ukiwa mkubwa mno kwa kile kitundu, alikuwa anaingiza kidole kimoja tu, akakiacha kwenye unyayo wa mwanawe.

Ndipo majibu ya damu yakaja. Cecilia aliwaita tena, na safari hii hakuchora.

"Mkojo unatoka, lakini ni kama maji matupu. Figo hazichuji. Uchafu wote unabaki kwenye damu yake na unaongezeka kila tunapopima. Na mapafu yake ni madogo, hayawezi kumbeba mpaka tumfanyie kitu kikubwa. Nikianza kumhangaisha kwa mashine na visu, nitamwumiza bure. Hatavuka."

"Lakini anakojoa," Fabiani akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nimewaambia watu anakojoa."

Cecilia aliwaruhusu wamtoe kwenye kile kisanduku, wakamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, karibu na dirisha lenye jua. Imakulata akamwambia habari za nyumbani. Alimwambia kuhusu dada yake Happiness, ambaye alishamwandalia kikombe. Alimwambia mpunga wa bibi umejaa, na kwamba huko hakuna baridi kama hii. Fabiani alisimama nyuma yao, kiganja juu ya bega la mkewe. Asubuhi hiyo hiyo Benedikto akavuta pumzi, akakawia, akavuta nyingine, na baada ya hiyo hakuvuta tena.

Heri alikuwa ameshusha mchele Mbeya siku ile, akawafuata hospitali na lori lake. Fabiani alishatengenezesha sanduku dogo kwa fundi wa jirani, lakini Imakulata alikataa mtoto kuingizwa humo. "Mpaka Mwamkulu," akasema. "Mpaka Mwamkulu atakuwa na mimi." Hakuna aliyebishana naye. Sanduku likakaa tupu nyuma, na Benedikto akaenda mbele, amefungwa blanketi, mapajani kwa mama yake. Heri alikuwa mtu asiyeweza kuendesha bila muziki, lakini tangu Mbeya mpaka Sumbawanga, na kutoka Sumbawanga mpaka Mpanda, redio hakuigusa. Kwenye mashimo alipunguza mwendo mpaka magari ya nyuma yakampigia honi. "Nyie mnanipigia honi ya nini," alinong'ona peke yake, "pita basi, pita."

Wakamzika Mwamkulu, kwenye kiwanja cha akina Imakulata. Msiba wa mtoto mchanga hauna watu wengi wala siku nyingi, watu husema hajazoeana na dunia. Shangazi mmoja wa Fabiani, wakati wa chai, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba zile mashine za kumulika matumbo ndizo zinazounguza watoto, zamani mbona hatukuwa nazo na tulizaa. Pelagia akamjibu bila kumtazama: "Zamani tulizika bila kujua tunazika nini. Kunywa chai."

Imakulata alibaki kwa mama yake. Mwili wake haukuwa umeambiwa. Maziwa yalijaa mpaka kifua kikawa kigumu kama jiwe, akasikia homa, na Pelagia akamfunga kwa kanga kifuani, akimkaza huku analia. Kila mtoto wa jirani alipolia, maziwa yalimwagika yenyewe. Hakucheka, na mashineni hakwenda. Alikaa nyuma ya nyumba akitazama mabua ya mpunga yaliyobaki shambani.

Emelyne alimtafuta kwa simu mpaka akachoka, ndipo akapanda gari kwenda Kawajense kumwulizia mashineni. Wanawake waliokuwa wanapepeta walisimamisha nyungo zao wakamweleza. Alishuka Mwamkulu mchana, peke yake, mikono mitupu. Pelagia akamtandikia mkeka, akawaacha wawili.

Walikaa. Emelyne alikuwa amevaa gauni la bluu, na Imakulata akaona, upande mmoja na kisha upande wa pili, gauni linalowa kifuani, duara mbili zinapanuka. Yeye mwenyewe chini ya ile kanga alikuwa hivyo hivyo.

"Umemwacha na nani?" akauliza.

"Nani?"

"Mtoto wako."

Emelyne akainamisha kichwa. "Na mama mkwe. Niliona nisije naye, dada. Niliona si vizuri."

"Wa kike?"

"Wa kike. Donatille."

"Nilikudanganya siku ile," Imakulata akasema.

"Nilikupigia kigelegele," Emelyne akasema. "Wewe unaniambia vile, mimi napiga vigelegele. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze." Akamshika mikono. "*Mpore*, dada. *Mpore*." Ni neno la kwao, wanamwambia aliyefiwa, na wanamwambia pia mtoto mchanga akilia.

Imakulata alitoa mikono yake. "Nenda nyumbani, Emelyne. Mtoto analia huko. Ana njaa."

Emelyne alimtazama kuona kama amefukuzwa au amehurumiwa. Imakulata mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba hawezi kuendelea kulitazama lile gauni.

Mvua za kwanza zilipokuja alirudi Kawajense, kwa sababu Happiness ana shule na Fabiani alikuwa anakula ugali mkavu. Mashineni akapokelewa kwa upole uliomchosha. Emelyne aliendelea kumtumia ujumbe mara moja moja, naye anausoma bila kujibu. Siku moja ukaja huu: "Dada Ima, Donatille anakua, ameanza kucheka. Ile picha ya hospitali tumeona tuache tu. Baba mkwe anasema mtoto anakojoa vizuri, anapelekwa kufanya nini."

Imakulata aliusoma akiwa na ungo magotini. Akaweka ungo chini. Aliinuka na unga wa pumba mpaka kwenye kope, akachukua bodaboda ya kwenda Katumba.

Aliwakuta shambani, familia nzima imeinama inapandikiza miche ya tumbaku, udongo umelowa vizuri. Emelyne alimwona kutoka mbali akasimama, miche mkononi, Donatille mgongoni. Lakini Imakulata alipita mpaka kwa yule mzee, baba mkwe, akamsalimia kwa heshima, "Shikamoo baba," akapiga goti lile la salamu, na hakuinuka.

"Baba, mimi ni rafiki wa mkweo. Nimesikia mtoto haendi kupigwa picha kwa kuwa anakojoa."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo. Mtoto mzima huyu, tazama alivyonona."

"Wangu naye alikuwa anakojoa, baba," Imakulata akasema. "Baba yake aliwapigia simu watu wote. Sasa yuko Mwamkulu, tumemzika."

Mzee alimtazama yule mwanamke aliyepiga goti kwenye matope yake. Aliweka miche chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Kesho wataenda," akasema. "Inuka, mwanangu. Inuka."

Kesho yake walikwenda. Ilibidi Emelyne ajaze maelezo dirishani, akageuka akamkabidhi Imakulata mtoto kabla yeyote hajafikiri. Donatille alimwangukia mikononi na uzito wake wote, wa moto, ananuka maziwa, akashika kola ya gauni lake akaivuta. Imakulata akaegemea ukuta. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa hesabu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa asitake imwagike.

Malale alipima taratibu. Figo ya kulia nzuri. Ya kushoto bado ilikuwa na uvimbe kidogo, si wa kutisha, lakini ni mahali ambapo maambukizi yanaweza kujificha yakaila figo kimyakimya, mtoto ananona juu na kuharibika ndani. Akampima mkojo, akampa dawa ya maji ya kumpa kidogo kila jioni. "Akipata homa, hata ndogo, usinunue dawa dukani, mlete hapa tupime mkojo. Na baada ya miezi mitatu turudie picha. Umefanya vizuri kuja, mama."

"Si mimi," Emelyne akasema.

Malale akamgeukia Imakulata. Ilionekana anamtambua muda wote. "Nilipata habari kutoka Mbeya. Pole sana, mama." Kisha akaongeza, kwa uangalifu, "Siku ukishika mimba tena, njoo mapema. Mara nyingi haijirudii."

"Sijui kama nitataka kushika tena, daktari," Imakulata akasema. Malale akaitikia kwa kichwa.

Nje wakaagana. Hawakupatana kitu, ila Emelyne alisema, "Nitakupigia jioni," na Imakulata akasema, "Nitapokea."

Kabla ya kurudi mashineni alipita kwa mama ntilie akafunga wali na maharage, akampelekea Fabiani saiti. Alikuwa anajenga ukuta wa duka karibu na soko, yeye na vibarua wawili wanaochanganya zege. Walikaa juu ya rundo la mchanga. Tangu kuzika, Fabiani alikuwa hajatoa chozi wala hajalitaja jina la mtoto. Alikuwa anafanya kazi, anarudi, anakula, analala. Chumba cha pili hakuongeza tofali hata moja, na Imakulata hakumwuliza.

Alimweleza ilivyokwenda, figo ya kulia, figo ya kushoto, dawa ya jioni. Fabiani alisikiliza, kijiko kimesimama hewani.

"Ulimbeba?" akauliza.

"Nilimbeba."

"Mzito?"

"Mzito. Mkono unachoka."

Fabiani aliweka kijiko ndani ya chombo. Alitazama viganja vyake, vimekauka saruji kwenye mistari.

"Wangu sikuujua uzito wake," akasema. "Nilikigusa kinyayo tu. Siku ya kuzika nilipobeba lile sanduku, nilikuwa najaribu kumsikia ndani yake, nikashindwa. Mbao zilikuwa nzito kuliko yeye."

Akainama, mabega yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa kiasi kwamba vibarua waliacha machepe yao wakatazama pembeni. Imakulata alisogea akamvuta kichwa mpaka kwenye mapaja yake, saruji na vumbi na vyote. Wali ulipoa. Waliokuwa wanapita sokoni walipunguza mwendo, wakawaona, wakaendelea na njia yao.